Meli iko wapi? Kuusoma mchoro wa Géricault wa chelezo cha Méduse

Tarehe 25 Agosti 1819 maonesho makubwa ya sanaa ya Ufaransa, yaliyoitwa Salon, yalifunguliwa katika jumba la Louvre mjini Paris. Kwenye orodha ya michoro ya mwaka ule kulikuwa na mmoja wa kijana wa miaka 27, Théodore Géricault, ulioandikwa kwa maneno matatu tu: Scène de naufrage, yaani tukio la ajali ya meli. Jina la meli halikutajwa. Mahali hapakutajwa, wala mwaka. Na bado watu wa Paris waliosimama mbele ya turubai lile hawakuhitaji kuuliza ni ajali ipi.

Ukiufungua leo kwenye simu utaona chelezo cha mbao, maiti, watu wanaopunga vitambaa, na wimbi linalonyanyuka upande wa kushoto. Meli hutaiona. Ipo moja, lakini mpaka ukuze picha kwa vidole viwili na kuufuata upeo wa bahari upande wa kulia, ndipo utapata alama ndogo mfano wa mchwa. Na hiyo siyo meli iliyopata ajali. Iliyopata ajali haimo kabisa.

Basi tuna mchoro wa ajali ya meli ambamo meli yenyewe haionekani. Ukiuchimba zaidi unakuta kwamba hata ile bahari iliyochafuka haikuwa hivyo asubuhi inayochorwa. Mchoraji alijua yote haya, tena kwa undani kuliko karibu kila mtu aliyewahi kuuandikia mchoro wake. Kwa nini akafanya alivyofanya, hilo ndilo fundo, na huwezi kulifungua bila kurudi kwanza baharini.

Fungu la Arguin

Méduse ilikuwa manowari ya Ufaransa. Juni 17, 1816 iling'oa nanga karibu na Rochefort pamoja na vyombo vitatu vingine, Argus, Loire na Écho, kuelekea Saint-Louis, Senegal, koloni ambalo Uingereza ilikuwa imekubali kulirudisha kwa Wafaransa baada ya vita vya Napoleon. Ndani mlikuwa na watu karibu 400: mabaharia, askari, makarani, na gavana mpya, Julien Schmaltz, aliyekuwa na haraka ya kufika kwenye kiti chake.

Nahodha wake, Hugues Duroy de Chaumareys, alikuwa mtu wa ukoo wa kitemi na mwaminifu kwa wafalme wa Bourbon, ukoo uliotawala Ufaransa kabla ya Mapinduzi. Baharini alikuwa hajafanya kazi ya maana kwa zaidi ya miaka 20. Wafalme waliporudi madarakani wakalipa fadhila, naye akapewa manowari. Maofisa waliokuwa chini yake, wengi wao watu wa enzi ya Napoleon, hakuwaamini. Aliyemsikiliza ni abiria mmoja, Richefort, aliyejinadi kuwa pwani ile anaijua. Sisi husema nahodha wengi chombo huenda mrama. Hapa walikuwapo mabaharia wengi wenye kujua, wakanyamazishwa, usukani ukafuata maneno ya asiyejua.

Méduse ikawaacha wenzake nyuma, ikakata njia karibu mno na nchi. Julai 2 maji yakaanza kubadilika rangi, mchanga na majani ya bahari vikaonekana. Bildi, yaani risasi ya kamba ya kupimia kina, ikatiwa: pima 18 (pima moja ni karibu mita 2). Ikatiwa tena: pima 6. Alasiri hiyo hiyo manowari ikapanda fungu la mchanga la Arguin, nje ya pwani ya Mauritania. Hakukuwa na dhoruba. Kibaya zaidi, ilipanda wakati wa bamvua, maji yakiwa yamejaa. Aliyekulia pwani ameshaelewa: chombo kinachokwama wakati huo hakina maji mengine ya kusubiri yaje kukiinua. Dawa iliyobaki ilikuwa kupunguza uzito, na hakuna kilichokuwa kizito kama mizinga. Nahodha akakataa kuitupa.

Mafundi wakaunda chelezo kwa milingoti na mbao, urefu wake karibu mita 20 na upana mita 7, kwa nia ya kupakulia shehena. Upepo ulipokaza, mkuku, yaani uti wa chini wa meli, ukavunjika, na Julai 5 watu wakaamua kuihama meli. Mashua zilikuwa sita tu. Gavana na nahodha walipata nafasi mashuani. Watu 147, wengi wao askari wa kawaida, na miongoni mwao mwanamke mmoja, wakateremshwa kwenye chelezo, kikadidimia mpaka maji yakawafika kiunoni. Watu 17 walikataa kuondoka wakabaki melini.

Mpango ulikuwa mashua zifungase chelezo mpaka ufukweni, yaani zikivute kwa kamba. Hazikufika mbali. Kamba zikaachiwa, mashua zikatweka matanga zikaenda zake.

Soma sentensi hiyo mara ya pili, kwa sababu ajali halisi ya Méduse ni hiyo. Kupanda fungu ni uzembe, na uzembe baharini ni jambo la kila zama. Meli yenyewe hata haikuzama siku ile. Ilikaa pale pale juu ya mchanga, na wiki kadhaa baadaye ilipofikiwa, watatu kati ya wale 17 walikuwa bado hai. Kilichowaua watu wa chelezo ni kamba kuachiwa.

Walikuwa na gunia moja la biskuti za meli, likaisha siku ya kwanza. Maji ya kunywa yalikuwa mapipa mawili, yakapotelea baharini katika vurugu. Divai ilibaki. Usiku wa kwanza walikufa watu 20 hivi. Ukaja uasi, watu wakakatana kwa mapanga na mashoka gizani, na kufikia siku ya nne walikuwa hai 67. Waliobaki wakala nyama ya wafu. Walipofikia 27, wenye nguvu wakafanya kikao na kuamua kwamba wagonjwa na majeruhi wanamaliza divai bure. Wagonjwa 12, pamoja na yule mwanamke, wakatupwa majini. Julai 17, siku ya 13, Argus ikawakuta kwa bahati tu. Watu 15. Watano kati yao walifariki muda mfupi baada ya kuokolewa.

Kilichowakasirisha Wafaransa

Daktari wa meli, Henri Savigny, alikuwa mmoja wa wale 15. Aliandika taarifa kwa serikali, taarifa ikavuja, na Septemba 1816 ikatokea katika gazeti la Journal des débats. Kisha yeye na manusura mwenzake, mhandisi Alexandre Corréard, wakatoa kitabu mwaka 1817. Nahodha alishitakiwa akapewa kifungo cha miaka mitatu, adhabu ambayo wengi waliiona kama dhihaka. Corréard alifungua duka la vitabu huko Palais-Royal na kulipa jina la manusura wa Méduse, akawa anauza humo vijitabu vya wapinzani wa serikali.

Kwa hiyo kufikia 1818 neno Méduse lilikuwa limeshakuwa tusi la kisiasa. Kulitamka ilikuwa njia fupi ya kusema kwamba wafalme hawa hugawa vyeo kwa nasaba na si kwa ujuzi. Salon nayo ilikuwa maonesho ya serikali. Sasa unaona kwa nini orodha ilisema tu tukio la ajali ya meli. Jina lile la jumla lilikuwa kama ushungi: sura haionekani, ila mtaa mzima unamjua aliyevaa.

Kichwa kilichonyolewa

Géricault hakuwa mtu wa maji. Alizaliwa Rouen mwaka 1791, na mapenzi yake makubwa yalikuwa farasi. Alikuwa pia ametoka kwenye fedheha ya kifamilia: alizaa mtoto na mke kijana wa mjomba wake, mtoto akafichwa. Wapo wanaosema mchoro ule ulikuwa toba yake. Mimi sioni haja ya kwenda huko. Historia ya Méduse ilitosha kumshika mtu yeyote mwenye macho.

Alichofanya ni hiki. Alikodi studio kubwa mtaa wa Faubourg du Roule kwa sababu ile ya zamani isingelipokea turubai lake. Akanyoa nywele zake zote ili asishawishike kutoka kwenda kutembea. Akajifungia humo kwa miezi karibu minane, kuanzia Novemba 1818. Aliwatafuta Savigny na Corréard, akawahoji kwa kirefu, na wote wawili wamo pichani karibu na mlingoti. Corréard ndiye aliyenyoosha mkono kuelekea upeo wa bahari huku akimgeukia mwenzake. Akamtafuta na seremala wa meli aliyenusurika, akamtengenezea kijimfano cha chelezo, ubao kwa ubao. Hospitali ya Beaujon ilikuwa jirani, naye akawa anakwenda kuchora sura za wanaokata roho. Akaleta studio mikono na miguu iliyokatwa kutoka chumba cha maiti. Kichwa cha mtu alikiweka juu ya paa kwa wiki mbili akikichora kadiri kinavyooza. Alisafiri mpaka Le Havre kutazama tu mawingu na mawimbi.

Rafiki yake Eugène Delacroix, ambaye naye baadaye angekuwa mchoraji mkubwa, alijilaza kama mfano wa mmoja wa waliolala kifudifudi. Alipoona kazi ikiwa bado haijakamilika alitoka mle ndani akaanza kukimbia barabarani kama mwendawazimu mpaka nyumbani. Delacroix mwenyewe ndiye aliyeyasimulia haya.

Na turubai lenyewe? Urefu wa kwenda juu sentimita 491, upana sentimita 716. Linganisha na chelezo: upana wake ulikuwa mita 7. Yaani ukisimama Louvre mbele ya mchoro huu, ukingo wa chini una upana ule ule wa chelezo cha kweli, na mbao zake zinakujia miguuni. Simu haiwezi kukupa hilo.

Meli iliyokuwa ikipungua

Mtu aliyefanya utafiti wa namna hii angeweza kuchora tukio lolote katika zile siku 13. Na alijaribu. Michoro yake ya awali ipo: uasi wa usiku, watu wakila maiti, mashua ya Argus ikiwafikia manusura. Kila kimoja kingetosha kuwa mchoro wa kutisha au wa kufurahisha. Vyote akaviacha.

Alichokichagua ni dakika ambayo Savigny na Corréard wameieleza vizuri kitabuni. Asubuhi ya Julai 17 ilikuwa angavu. Meli ikaonekana mbali sana. Watu wakazinyoosha pete za chuma za mapipa, wakafunga ncha zake leso za rangi mbalimbali, na wote wakashirikiana kumwinua mtu mmoja apande juu apunge. Kwa nusu saa hivi roho zikawa zinapanda na kushuka. Huyu aapa meli inakua, yule aapa inakwenda zake. Kisha ikatoweka. Wakaingia chini ya hema walilotengeneza kwa tanga, wakajilaza wakisubiri kufa. Saa mbili baadaye mpiga mizinga alitoka nje ya hema, akapiga ukelele: Argus inawajia.

Géricault alisimama kwenye ile nusu saa. Na katika michoro yake ya maandalizi kuna jambo moja la kushangaza: Argus mwanzoni ilikuwa kubwa na karibu, kisha kila alivyoendelea kuchora akaipunguza, akaisogeza mbali, mpaka ikawa kile kijidoa unachokitafuta kwa kidole. Mtazamaji wa 1819 alijua kwamba watu hawa wataokolewa. Mchoraji alikuwa anaing'oa hiyo faraja, taratibu, mchoro baada ya mchoro.

Tazama na upepo. Tanga limejaa, na linavuta kuelekea kushoto. Meli iko kulia. Chelezo kinasukumwa mbali na wokovu wake, tena kuelekea wimbi kubwa kuliko yote. Wakati huo huo miili yote, kuanzia maiti walio chini kushoto, inapanda kama ngazi kwenda kulia juu: amelala, ameinua kichwa, amepiga magoti, amesimama, ameinuliwa na wenzake. Walimu wa sanaa hueleza hapa piramidi mbili, moja ya mlingoti na kamba zake, nyingine ya watu, na wana haki. Kwa mtu wa pwani lakini inatosha kusema hivi: tanga linakwenda huku, watu wanakwenda kule.

Mmoja tu hashughuliki na meli. Mzee aliyekaa kushoto, mgongo ameupa upeo wa bahari, mkono mmoja umeshika mwili wa kijana aliyelala mapajani pake. Kijana yuko uchi, ila miguuni bado ana soksi. Hizo soksi nyeupe zinaniumiza kuliko maiti wengine wote. Mtu aliyeokota vichwa hospitalini alijua kwamba mauti hayavui nguo kwa mpangilio.

Mbona wameshiba?

Hili ndilo swali linaloulizwa zaidi, na ni la haki. Watu wamekaa siku 13 bila chakula, ngozi zimebabuliwa na chumvi na jua, halafu pichani wana misuli kama wacheza mieleka. Bahari iliyokuwa tulivu imechafuka. Chelezo cha watu 15 kina watu wapatao 20, wafu wakiwemo.

Jibu la kwanza ni la mazoea ya kazi. Mchoro wa ukubwa huu ulikuwa umetengwa kwa wafalme, miungu na watakatifu, na miili yao huchorwa kwa vipimo vya sanamu za kale. Géricault alikaa Italia, akamsoma Michelangelo, mchongaji na mchoraji mkuu wa huko, na mkono wake ulikuwa umezoea hivyo. Jibu la pili lina uzito zaidi kwangu. Angewachora mifupa mitupu, mtazamaji angewahurumia kwa sekunde kumi kisha angegeuza uso. Kuwapa miili ya mashujaa, watu ambao hawakufanya ushujaa wowote, askari waliotupwa, ni kuwapa ukubwa ambao serikali iliwanyima. Wakosoaji wa Salon waliliona hilo wakakereka. Shujaa yuko wapi, funzo liko wapi, kwa nini rundo hili la maiti limepewa mita tano?

Mtu aliye juu

Kileleni kabisa, juu ya pipa, amesimama mtu mweusi, mgongo wazi, anapunga kitambaa. Hatuoni uso wake. Aliyejisimamisha kuwa mfano wake ni Joseph, mzaliwa wa Saint-Domingue, ambayo leo ni Haiti. Alipitia Marseille akafika Paris, akawa akicheza sarakasi, kisha akawa mfano wa wachoraji wengi.

Kati ya wale 15 waliookolewa alikuwamo askari mmoja mweusi, Jean-Charles, ambaye hakuishi siku nyingi baadaye. Mchoraji akamfanya kuwa watu watatu, na mmoja wao akampandisha juu ya wote. Huu haukuwa urembo wa picha. Saint-Louis, Senegal, ilikokuwa ikielekea Méduse, ilikuwa bandari ya biashara ya utumwa. Ufaransa ilikuwa imeahidi kuikomesha, lakini chini ya Schmaltz biashara iliendelea kupita mlango wa nyuma. Corréard alikuwa mpinzani wa wazi wa biashara hiyo. Géricault mwenyewe baadaye alichora rasimu ya mchoro mwingine mkubwa, wa biashara ya watumwa Waafrika, akafa kabla hajaufanya. Kwa hiyo mwaka 1819, katika jumba la mfalme, tumaini lote la chelezo la Wafaransa limebebwa na mkono wa mtu ambaye meli za Wafaransa zilikuwa bado zinamuuza. Wengine hufika hapa wakapita haraka kwenda kusifu rangi. Mimi naona hapa ndipo penye makali.

Baada ya Salon

Inasimuliwa kwamba mfalme Louis XVIII aliutazama akamwambia mchoraji kuwa ajali hii si ajali kwake. Maneno ya adabu. Géricault alipewa medali ya dhahabu, lakini serikali haikuununua mchoro. Ulikuwa pia umetundikwa juu mno, mpaka miili ikapotea machoni. Alikasirika, akaugua, akaviringisha turubai lake akavuka nalo kwenda London. Huko William Bullock aliuonesha katika ukumbi wake wa Egyptian Hall, Piccadilly, kuanzia Juni 1820, ukiwa chini karibu na watazamaji. Walilipa kiingilio watu wapatao 40,000. Waingereza hawakuwa na kigugumizi cha kutaja jina la manowari ya Kifaransa iliyopotezwa na nahodha wa kuteuliwa. Dublin mambo yalikuwa tofauti: palikuwa na onesho jingine la kisa hicho hicho, picha ndefu ya kusogezwa yenye muziki, na watu wakapenda ile zaidi.

Géricault alifariki Januari 1824, umri miaka 32. Mwaka huo huo Louvre ikaununua mchoro kwa faranga 6,000 hivi. Rangi zake zimeendelea kuwa nyeusi, na lawama hutupiwa lami aliyoichanganya, ambayo haikauki sawasawa. Hofu hiyo ni ya zamani: mwaka 1859 na 1860 wachoraji wawili walipewa kazi ya kuunakili kwa ukubwa ule ule, na nakala yao iko Amiens. Septemba 1939, vita vilipoanza, mchoro halisi ulihamishwa usiku kwa gari la kubebea mapambo ya jukwaa, ukiwa umesimama wima kwa kuwa haungeweza kuviringishwa tena, na ulipofika Versailles ukanasa kwenye nyaya za umeme za barabarani.

Leo kibao chake Louvre kinasema Le Radeau de la Méduse, Chelezo cha Méduse. Ushungi wa 1819 umeshavuliwa, na jina lililofichwa limekaa wazi. Méduse yenyewe bado haimo pichani. Iliyomo ni Argus, kulia, pale pale ilipokuwa, na kwa jinsi rangi inavyozidi kuiva kila muongo, kidole cha kuitafuta inabidi kiwe cha subira.